Chupa ya Mafuta ya Taa Ukingoni mwa Mihara

Utotoni tulikuwa na mchezo wa kubomoa spika za redio mbovu ili tutoe sumaku zake. Mwenye sumaku kubwa ndiye aliyekuwa tajiri wa mtaa: aliifunga uzi, akaiburuta mchangani, ikarudi imeota ndevu nyeusi za chembechembe za chuma. Siku moja yangu ilitumbukia katika jiko la mkaa, ikakaa humo makaa yakiwa mekundu mpaka maharage yalipoiva. Nilipoitoa kwa koleo na kuiacha ipoe, haikuokota hata pini. Kwa macho ilikuwa ile ile, nyeusi, nzito, mviringo na tundu katikati, lakini nguvu zilikuwa zimeitoka. Nililia. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba lililoipata sumaku yangu jikoni ndilo linalolipata jiwe la tumboni mwa mlima wa moto kabla mlima haujalipuka, na kwamba wapo watu waliotumia maisha yao kulipima.

Habari zao zinaanzia Italia. Mwaka 1841 Mfalme Ferdinand wa Pili, aliyetawala Napoli na Sicily, alianzisha kituo cha kuchunguza volkano kwenye mteremko wa Vesuvius, cha kwanza cha aina yake duniani. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Macedonio Melloni, mwanafizikia mzaliwa wa Parma ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma Ulaya kwa uchunguzi wake wa miali ya joto. Hakudumu. Vuguvugu la mapinduzi ya 1848 lilipozimwa, Melloni, aliyejulikana kwa kupenda uhuru, alinyang'anywa kazi. Akaenda kukaa Portici, mji wa pwani chini ya mlima ule ule, akaendelea na utafiti wake akiwa mtu asiye na cheo.

Alichokifanya huko kilikuwa rahisi na cha akili sana. Alichukua sindano mbili za sumaku, akazifunga kwenye kijiti kimoja zikielekea pande zinazopingana, ili mvuto wa sumaku ya dunia kwenye moja ufutwe na mvuto wake kwenye ya pili. Sindano zilizofungwa hivyo hazijali kaskazini iko wapi. Hutulia tu, na hushtuka kwa kitu kidogo mno. Melloni akawa anazisogezea vipande vya lava ya Vesuvius, kimoja baada ya kingine, na sindano zikawa zinageuka. Mawe yale yalikuwa sumaku. Kisha akachukua kipande cha lava, akakipasha moto mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe. Kilipopoa kilikuwa na usumaku mpya, ulioelekea kule kule inakoelekea sumaku ya dunia. (Bila shaka hata ile sumaku yangu ya spika ilipopoa ilijiokotea chembe ya usumaku wa dunia, ila hafifu mno kuinua pini.) Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1853. Mwaka uliofuata kipindupindu kikamuua.

Sababu ya matokeo hayo ya Melloni ilieleweka vizuri zaidi mwaka 1895, Pierre Curie alipoonyesha katika tasnifu yake mjini Paris namna joto linavyovunja usumaku. Kila kitu chenye usumaku kina kiwango chake cha joto ambacho kikivukwa usumaku ule hutoweka. Kwa chuma ni nyuzi 770 za sentigredi. Kwa magnetaiti, yale madini meusi yanayofanya mawe mengi ya volkano yavutwe na sumaku, ni karibu nyuzi 580, na yakiwa yamechanganyika na titani kiwango hushuka chini zaidi. Lava ya basalti hutoka ardhini ikiwa na nyuzi 1,100 hivi. Kwa hiyo uji ule mwekundu hauna usumaku wowote. Huupata njiani, unapopoa na kuwa jiwe, na ukishaupata huushika kwa mamilioni ya miaka.

Hapa inabidi nipite Tanzania kidogo, maana tuna haki ya kutajwa. Mwaka 1929 Motonori Matuyama, mwanasayansi wa Kyoto, alieleza kwamba baadhi ya lava za kale zina usumaku ulioelekea kinyume, kana kwamba zilipopoa kaskazini ilikuwa kusini. Leo inakubalika kwamba sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi, na kipindi kirefu cha mwisho ilipokaa kinyume kinaitwa kwa jina lake. Ndani ya kipindi hicho kuna kipande kifupi ambapo sumaku ilirudi kuwa kama ya leo, kati ya miaka milioni 1.95 na milioni 1.77 iliyopita. Kipande hicho kinaitwa Olduvai, kwa sababu mwaka 1963 watafiti Grommé na Hay walichapisha vipimo vya usumaku wa basalti iliyo katika tabaka za chini za korongo letu la Oldupai. Mtafiti anayechambua tope la sakafu ya Bahari ya Pasifiki hutaja jina hilo la Kimaasai bila kulazimika kulifafanua.

Basi turudi kwenye moto. Kama jiwe linalopoa hupata usumaku, jiwe linalopashwa hupoteza ule liliokuwa nao. Magma inapopanda chini ya kilele, au mvuke na gesi za moto zinapopenya kwenye nyufa, mawe yaliyo jirani huanza kupata moto kutoka chini. Sehemu iliyovuka kiwango chake cha joto huwa kama shimo ndani ya sumaku kubwa, na mtu aliyesimama juu, hata kama hasikii mtikisiko wala haoni moshi, angeweza kuligundua shimo hilo kwa kipimo cha sumaku pekee. Fikra hii inavutia. Kazi ikawa kuuthibitisha ukweli wake mlimani, na waliojitwisha kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko wote ni Wajapani.

Japani ilikuwa na mazoea ya kuithamini sumaku ya dunia kwa namna ambayo mataifa mengi hayakufikia. Vipimo vilivyokuwa vikichukuliwa Tokyo viliharibiwa na tramu za umeme zilizoanza kupita mitaani, kwa sababu mkondo wa umeme nao huzaa sumaku. Wajapani wakahamishia kazi hiyo Kakioka, kijijini kaskazini ya mji, ambako vipimo vilianza mwaka 1913. Mpaka leo reli zinazopita karibu na Kakioka haziruhusiwi kutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa kawaida. Abiria wa reli ya Tsukuba, iliyofunguliwa 2005, hupanda treni yenye mitambo ya aina mbili, nayo hubadili umeme ikiwa safarini. Nchi nzima imekubali gharama hiyo ili sindano za kituo kimoja zisitikiswe.

Mlima waliouchagua uko baharini. Izu-Oshima ni kisiwa kilicho kilomita mia moja na kidogo kusini mwa Tokyo, na kisiwa chote ni volkano. Juu yake kuna bonde pana la mduara lililobaki baada ya kilele cha kale kuporomoka, na ndani ya bonde hilo kimesimama kilima cha Mihara, chenye kimo cha mita 760 hivi na kasoko kileleni. Upande wa mashariki kuna uwanda mweusi usio na mti, mchanga mtupu wa volkano, unaoandikwa kwenye ramani kuwa jangwa. Chini pwani wenyeji huvua samaki, na hukamua mbegu za mti wa kamelia kupata mafuta ya nywele na ya kupikia. Moto wa Mihara wanauita kwa heshima, moto mtukufu wa mungu. Mlima huo umewazoesha kuishi kwa kuhesabu: ulilipuka mwaka 1876, ukalipuka 1912, ukalipuka tena 1950.

Mlipuko wa Julai 1950 ndio uliomkuta Tsuneji Rikitake akiwa kijana wa miaka 29, mtafiti wa Taasisi ya Matetemeko ya Ardhi ya Chuo Kikuu cha Tokyo. Vita ilikuwa imekwisha miaka mitano tu kabla, na nchi ilikuwa bado maskini. Rikitake alipeleka vyombo kisiwani, akawa anapima mwinamo wa sumaku, yaani pembe ambayo sindano huru huinamia kuelekea ardhini, wakati lava ikijaa kasoko na hatimaye kufurika. Si kazi ya kuifanya kwa haraka. Chombo lazima kisimame sawasawa juu ya nguzo yake, kisawazishwe kwa mkono, kisomwe, kigeuzwe, kisomwe tena, na mpimaji asiwe na hata kisu mfukoni. Rikitake aliona kwamba mwinamo ulibadilika sambamba na harakati za mlima. Mwaka 1951 akachapisha makala ya kitaalamu juu ya mabadiliko ya mwinamo yaliyofuatana na vituko vya volkano ya Mihara. Baadaye alipata umaarufu kwa mambo mengine, hasa kielelezo chake cha 1958 cha visahani viwili vya umeme vinavyoonyesha jinsi sumaku ya dunia inavyoweza kugeuka yenyewe. Mimi namheshimu zaidi kwa ile miezi ya Oshima.

Bado kulikuwa na tatizo la chombo. Sindano huchoka, huhitaji fundi stadi, na huwezi kumwacha mtu akeshe ukingoni mwa kasoko miaka kumi. Suluhisho lilitoka Marekani mwaka 1954, watafiti Packard na Varian walipotangaza namna mpya ya kupima nguvu ya sumaku ya dunia. Ukikifungua kifaa chenyewe unakuta chupa iliyozungushiwa waya wa shaba. Ndani ya chupa kuna maji, au mara nyingi zaidi mafuta ya taa, yale yale ya kibatari. Mafuta ya taa yana hidrojeni tele, na kiini cha kila hidrojeni ni protoni moja inayozunguka kama pia huku ikiwa ni kisumaku kidogo. Unapitisha umeme kwenye waya kwa sekunde chache, protoni zinavutwa zielemee upande mmoja. Unakata umeme ghafla. Zikiachwa huru hazirudi moja kwa moja kwenye mstari wa dunia, huyumba kuuzunguka, kama pia inavyoyumba inapokaribia kuanguka, na kuyumba kwake kunaamsha umeme hafifu katika ule ule waya. Ukiukuza umeme huo na kuupeleka kwenye spika, unasikia mluzi mwembamba unaofifia na kupotea baada ya sekunde mbili tatu.

Uzuri wote umo katika mluzi huo. Kasi ya mtikisiko wake inategemea nguvu ya sumaku ya mahali hapo tu. Ukubwa wa chupa, joto la mchana au ustadi wa fundi havina neno. Nguvu hiyo hupimwa kwa nanotesla. Kule Oshima ni karibu nanotesla 46,000, na mluzi wake hutikisika karibu mara 1,960 kwa sekunde. Sumaku ikipungua nanotesla moja, mluzi hushuka kwa kiasi ambacho sikio haliwezi kukitambua, lakini saa ya elektroniki inayohesabu mitikisiko hukitambua. Hakuna cha kusawazisha wala kioo cha kusomea. Chupa inaachwa juu ya nguzo isiyo na chuma, na hesabu inajirudia, mchana na usiku, mvua na theluji.

Nambari kuwa sahihi ni nusu ya kazi. Mabadiliko yanayoletwa na mlima mara nyingi ni nanotesla chache, makumi ikiwa bahati. Nanotesla 10 katika 46,000 ni sawa na kugundua kwamba gunia la mahindi la kilo 90 limepungua gramu 20, konzi isiyojaa kiganja. Na wakati unapolipima, kuna mtu anaitikisa mizani. Mtu huyo ni jua. Kila siku kuanzia asubuhi mpaka jioni, mikondo ya umeme katika anga la juu huipandisha na kuishusha sumaku kwa makumi ya nanotesla, na dhoruba ya jua huweza kuiyumbisha kwa mamia. Dawa yake ni kuweka chupa ya pili mbali na kasoko, mahali ambapo jua linafika lakini moto wa chini haufiki, na kuzisoma zote mbili kwa wakati mmoja. Unatoa moja kwa nyingine. Jua likiwa limezipandisha zote sawa linafutika, na kinachobaki ni cha mlima.

Kuna kanuni moja zaidi, na ndiyo inayoufanya upimaji huu uaminike. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, jiwe likipoteza usumaku chini ya kasoko, kipimo cha upande wa kusini hushuka na cha upande wa kaskazini hupanda. Jiwe likipoa na kuurudisha, mambo hugeuka. Kusini mwa ikweta kanuni ni kinyume chake. Kwa hiyo mtafiti hahitaji kuona badiliko tu. Anahitaji kuona badiliko lenye pande mbili zinazokubaliana, kusini likisema hivi na kaskazini likiitikia vile.

Waliobisha walikuwepo, na walikuwa na hoja. Jiwe likibanwa nalo hubadilisha usumaku wake bila kuongezeka joto hata nyuzi moja. Frank Stacey wa Australia alilifanyia jambo hilo hesabu nyingi, na mwaka 1969 yeye na Malcolm Johnston walichapisha mabadiliko waliyoyapima kwenye mlima Ruapehu wa Nyuzilandi. Maji nayo yakisukumwa katika vinyweleo vya mwamba huzaa mkondo wa umeme, na mkondo huzaa sumaku. Huku kwetu Bahari ya Hindi, kisiwani Réunion, Jacques Zlotnicki na Jean-Louis Le Mouël walieleza mwaka 1990 kwamba mabadiliko makubwa waliyoyaona kwenye Piton de la Fournaise huenda yalitokana na maji hayo. Kwa hiyo nambari ikishuka, mlima unaweza kuwa unasema mojawapo ya mambo matatu: ninawaka, nimebanwa, au maji yangu yanakimbia. Kinachosaidia kutofautisha ni mwendo. Mbano huja ghafla, kwa saa au dakika, kama ilivyoonekana Etna Oktoba 2002, vipimo vilipobadilika kwa takribani nanotesla 10 wakati magma ikipasua njia yake mbavuni mwa mlima. Joto huenda polepole, kwa miezi na miaka, kwa sababu mwamba ni mvivu wa kupasha.

Na mwendo wa polepole ndio uliokuja Oshima.

Baada ya mlipuko mdogo wa 1974 Mihara ilikaa kimya. Watalii walipanda kuchungulia kasoko, wakanunua mafuta ya kamelia, wakarudi Tokyo. Chupa zilizowekwa mlimani ziliendelea kuhesabu. Miaka ya 1980 ilipoanza, kituo kilicho karibu na ukingo wa kusini wa kasoko kilianza kuonyesha upungufu. Haukuwa wa kumshtua mtu. Nambari ya mwaka huu ilikuwa chini kidogo ya ile ya mwaka jana, na ya mwaka uliofuata chini kidogo tena. Mtafiti aliyekuja mara moja na kuondoka asingeona kitu. Ili kuuona upungufu ule ilibidi kuwe na mtu aliyepima pale pale, juu ya nguzo ile ile, wakati hakuna lolote la kuandika wala fedha za kumshawishi mtu kwamba kazi hiyo ina faida. Kama kuna sifa ya kugawa katika habari hii, mimi nawapa watu wa miaka ile ya ukimya.

Takesi Yukutake na wenzake wa Taasisi ya Matetemeko walikuwa wakiufuatilia mlima kwa njia nyingine pia: walipitisha umeme ardhini na kupima jinsi kilima kilivyoupinga. Ukinzani nao ulikuwa unapungua chini ya kasoko. Julai 1986 vyombo vya matetemeko vikaanza kunasa mngurumo wa kudumu, ule unaotokea majimaji na gesi zinapotembea chini. Miezi hiyo hiyo sumaku ya ukingo wa kusini ikaongeza kasi ya kushuka. Sasa mashahidi walikuwa watatu na wote walinyooshea kidole mahali pamoja.

Jumamosi tarehe 15 Novemba 1986, jioni, moto ulitoka ndani ya kasoko ya Mihara. Siku za mwanzo zilikuwa kama sherehe. Lava ilipanda na kufanya ziwa, wageni wakamiminika kwa meli kuja kuitazama, na tarehe 19 ikafurika ukingoni na kuteremka kwenye sakafu ya bonde, polepole, kwa njia ambayo mlima ulikuwa umeizoea tangu 1950. Kisha ikatulia kidogo.

Tarehe 21, saa kumi na robo alasiri, ardhi ilipasuka mahali pengine. Ufa ulifunguka kwenye sakafu ya bonde, nje ya kilima cha Mihara, na pazia la moto likasimama juu yake. Chemchemi za lava zilirushwa zaidi ya kilomita moja angani. Kabla ya saa kumi na mbili jioni ufa wa pili ukafunguka nje kabisa ya bonde, kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi unaotazama makazi, na lava ikaingia kwenye korongo linaloshuka hadi Motomachi, mji mkubwa wa kisiwa. Kwa karne nyingi mlima haukuwa umelipuka ubavuni namna ile. Ardhi ilitikisika mfululizo, madirisha yakalia usiku kucha.

Wakazi zaidi ya 10,000, pamoja na wageni, waliondolewa kisiwani usiku mmoja. Meli za abiria, za walinzi wa pwani na za jeshi zilikuja bandarini zikiwa zimewasha taa, watu wakapanda wakiwa na walichoweza kushika.  Alfajiri ilipofika kisiwa kilikuwa karibu kitupu, na nyuma yao lava ilisimama mita mia chache tu kabla ya nyumba za Motomachi. Hakufa mtu. Walikaa Tokyo karibu mwezi mzima, wakilala kwenye kumbi za michezo na shuleni, kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Makala za Yukutake na wenzake kuhusu sumaku na ukinzani zilitoka mwaka 1990, na kuanzia hapo Oshima ikawa mfano unaotajwa kila mahali panapojadiliwa njia hii. Ni haki yake. Ila nasoma masimulizi mengine yanayoipamba mno, kana kwamba chupa zilitabiri usiku ule. Hazikutabiri. Zilisema, na zilisema kweli, kwamba chini ya kasoko ya Mihara mawe yalikuwa yanapashwa moto kwa miaka. Zile nyufa za tarehe 21 zilipita nje ya eneo ambalo chupa zilikuwa zikilichunga. Vilevile sumaku haina kalenda: inaonyesha kwamba jiko limewashwa, haisemi chungu kitachemka siku gani.

Kosa hilo la kutazama mlango mmoja limejirudia. Kwenye volkano ya Kusatsu-Shirane, bara la Japani, watu wa Kakioka wamepima sumaku kwa miaka mingi pembeni mwa ziwa la tindikali la Yugama. Mwaka 2014 vipimo vilionyesha kuwa chini kunapashwa, matetemeko madogo yakaongezeka, tahadhari ikatolewa, lakini Yugama haikulipuka. Tarehe 23 Januari 2018 mlipuko ukatokea kilomita chache kusini, kwenye kilele jirani cha Motoshirane, karibu na njia za watelezaji wa theluji, bila onyo. Askari mmoja aliyekuwa mazoezini akafa.

Msomaji wa Goma ana haki ya kuuliza kama chupa kama hizi zingemfaa. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo, iliyo juu ya mji huo, ilipopasuka, dalili zisizo na utata kwenye vyombo vya matetemeko zilikuja chini ya saa moja kabla. Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava lililo wazi miaka nenda miaka rudi, moto wake tayari umefika juu, mawe ya kasoko yamezoea joto. Njia ya sumaku hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo mlima umefunga mdomo na moto unarudi taratibu kutoka chini. Ningependa hata hivyo kuona vyombo vyote vinavyowezekana mbavuni mwa mlima ule, kwa sababu lava yake ni nyepesi, inakimbia, na chini yake kuna mji wa watu wanaoamka asubuhi kwenda sokoni. Chombo kinachowekwa baada ya msiba kinakosa kitu cha kujilinganisha nacho. Thamani ya nambari ya leo ni nambari za miaka ishirini iliyopita, na hizo hazinunuliwi.

Huko Oshima, mwaka mmoja baada ya mlipuko, Novemba 1987, lava iliyojaa kasoko ilizama kwa kishindo na kuacha shimo jipya. Wakazi walikuwa wamekwisha kurudi na kufagia majivu. Sakafuni mwa bonde, lava ya 1986 imeshaota nyasi kwenye nyufa zake, na njia ya watembea kwa miguu inapita juu yake. Kutoka 1876 hadi 1912 ni miaka 36. Hadi 1950 ni 38. Hadi 1986 ni 36 tena. Ukiongeza miaka 38 juu ya hapo unapata 2024, nayo imepita mlima ukiwa umelala. Watoto wa shule wa Oshima hupandishwa kuona kasoko, na karibu na ukingo, nje ya njia, kuna nguzo fupi zisizo na chuma ambazo huenda hata hawazioni. Juu ya nguzo hizo umeme unawashwa, unakatwa, protoni zinapiga mluzi wao mfupi, na nambari inatumwa.